Miji Niliyoitoa

Stima inapotea saa nane na robo mchana, mashine inanifia mkononi katikati ya kichwa cha mteja, namalizia kwa mkasi na kitana, anajigeuzageuza kwenye kioo, anasema si vibaya, anakwenda zake, na mimi nabaki peke yangu na joto la Alhamisi. Naketi kwenye kiti cha wateja. Kwa kawaida sikikalii, kwa sababu wapita njia wakimwona kinyozi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe wanadhani biashara imekufa, lakini leo nimechoka, na uchovu wenyewe si wa miguu. Kwenye kioo cha mlango jina la duka limeandikwa kwa rangi nyekundu, Twahir Kinyozi, liwasomekee walio nje. Mimi niliye ndani miaka mitatu hii nalisoma kinyume. Mbele yangu kioo kikubwa, nyuma yangu kioo kikubwa, vinatazamana na mimi nimo katikati yao, Twahir nyuma ya Twahir, mstari mrefu wa vijana wenye ndevu changa, na hakuna hata mmoja anayeonekana amelala vizuri. Chini ya kiti kuna begi. Ndani ya begi kuna buibui. Na kwenye simu iliyo pajani kuna ujumbe wa Munir ambao tangu asubuhi nimeusoma mara saba na sijaujibu: Kesho saa kumi, mpenzi. Usisahau vazi.

Nijieleze mwenyewe, maana nimechoka pia kuelezwa na watu wengine. Mimi ni mwanamume. Nilipozaliwa walisema ni msichana, wakanipa jina la bibi yangu, nikalibeba mpaka mabega yakauma, nikalitua. Huu ni mwaka wa pili wa sindano za homoni, ndevu zimekuja, sauti imekuja, wateja wananiita fundi. Na ninawapenda wanaume. Mwenyezi Mungu angeweza kunipa moja akaniacha nipumue, lakini alinipa yote mawili kwa mkupuo, na sijamlalamikia. Munir naye anawapenda wanaume. Anatengeneza friji, ana mikono mizuri na woga mwingi. Amepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazama ua mmoja, na uani hapo anakaa Bi Mwanaidi, jirani asiyepitwa na kitu. Mwanamume akija kwangu kila Ijumaa na mlango ukafungwa, aliniambia Munir, watatuua. Mwanamke akija watasema pia, lakini watasema huku wanacheka. Halafu akaongeza, na kwako wewe ni rahisi. Akaniletea buibui lenye uzi wa fedha mikononi, saizi yangu barabara, pamoja na kitambaa cha uso cha kufichia ndevu. Nikalivaa. Hofu yake ni ya kweli, siwezi kusema anaizua, wala mimi sina hamu ya kufa. Lakini ni mwezi wa tano sasa, kila Ijumaa naingia kwa mpenzi wangu nikiwa yule msichana niliyemtua, nalivua nyuma ya mlango, nalitundika msumarini, ndipo ananiita Twahir. Macho yamekuwa mazito. Mwisho kabisa wa kioo naona Twahir mmoja amefumba macho, halafu anayemfuata, halafu huyu wa karibu, usingizi unakuja mtu kwa mtu mpaka unanifikia, na mtu ananifunga kitambaa shingoni.

Anafunga kama anayeijua kazi, anapitisha kidole kati ya kitambaa na ngozi kuhakikisha hakinibani, vilevile ninavyofanya mimi. Nainua macho nimwone kwenye kioo. Hana uso. Mbele kwake ni kama nyuma, kisogo kilichonyolewa leo leo, laini, pasipo jicho wala pua. Siogopi, nimechoka hata nguvu za kuogopa sina. Namuuliza, we nani? Anasema, kitendawili. Na mdomo wangu, uliolelewa Vanga kwa mama aliyekuwa akitutegea vitendawili mpaka wali uive, unajibu wenyewe: tega. Anasema, anatoka kwake mwanamume, anapita njiani mwanamke, anafika aendako mwanamume. Jibu nalijua. Hata mtoto angelijua. Jibu liko chini ya kiti na mwenye begi ndiye mimi. Lakini kulitamka ni kazi, na kushindwa ni rahisi, kushindwa hakutaki hata kukaa wima. Nimeshindwa, nasema. Basi nipe mji, anasema, na ana haki, ndiyo ada yetu: aliyeshindwa kutegua hutoa mji, aliyetega huenda huko akapokewa akala akashiba, kisha ndipo atoe jibu. Nampa Malindi. Naitoa harakaharaka kwa kuwa sijawahi kufika, nikidhani nisichokifikia hakitaniuma, ingawa ni Munir aliyeniahidi Malindi, siku mbili, chumba chenye feni, hakuna anayetujua. Ahsante, anasema asiye na uso, twende basi ukaone. Ananishika kiwiko, ananivusha ukingo wa kioo, mguu wa kushoto kwanza kama tunaingia chooni.

Barabara ya upande wa pili ni ya vigae vya duka langu, cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, na pembeni yake zimefagiliwa nywele za watu wote niliowanyoa. Inakwenda, inapinda, inarudi kwenye duka jingine lenye kiti kitupu, inakwenda tena, inafika kwenye duka jingine lenye kiti kitupu, natembea na sifiki, natembea na sifiki, kisha nimefika na sijui nilifika saa ngapi. Malindi hii imegeuzwa. Vibao vya maduka vinasomeka kinyume, mishale ya saa inarudi nyuma. Na mitaani wanatembea wanaume wawili wawili wameshikana mikono. Hilo si la ndotoni, hilo ni la kwetu: rafiki humshika mkono rafiki yake kutoka msikitini mpaka kwenye kahawa, wanapiga soga, na hakuna anayegeuza shingo. Nimeliona maisha yangu yote. Nilipokuwa naitwa msichana nililitazama dirishani kwa wivu ambao sikuujua ni wa nini. Sasa nawatazama na moyo unanichoma. Kumbe tulikuwa na njia. Kwa kuwa mimi ni mwanamume, mimi na Munir tungeweza kutembea hivi mchana kweupe, mkono kwa mkono, mbele ya Bi Mwanaidi mwenyewe, na angetuitikia salamu akaendelea kuchambua mchele wake. Badala yake, tukitoka siku ya Ijumaa yeye hutangulia hatua kumi na mimi hufuata, kama mke aliyekosana na mumewe. Hapo namwona Munir. Amekaa kwenye benchi la kahawa, mkono wake wa kulia umelegea pembeni, mtupu, unangoja. Najua unaningoja mimi. Nakimbia, nanyoosha mkono wangu, na mkono unaonyooka ni mweusi wenye uzi wa fedha. Nimelivaa. Sikumbuki kulivaa. Munir anautazama, anatia mkono wake mfukoni, anasimama, anatangulia hatua kumi. Hilo ndilo jibu, ananiambia asiye na uso, na mji umekwisha. Nageuka nyuma na Malindi haipo, kuna vigae na nywele.

Tunatembea. Namuuliza barabara hii inaishia wapi. Anasema inaishia pale utakapoacha kutoa miji. Namwambia aseme kama watu. Ananiuliza, watu gani? Buibui linaburuta nywele za watu na kila hatua linakuwa zito zaidi. Nataka kukaa chini. Anasema, kitendawili. Sitaki, nasema, lakini mdomo umeshasema tega. Nilimngoja tangu utotoni, anasema, siku alipofika nikamficha kooni. Ya Rabi. Hili pia nalijua. Ijumaa mbili zilizopita Bi Mwanaidi alinisimamisha uani, akaniuliza, hujambo mwanangu? Ningeweza kuinamisha kichwa nikapita. Sikupita. Nilibana koo nikaitafuta ile sauti nyembamba ya zamani, nikaipata, nikamwambia sijambo, shikamoo. Sauti hii niliyonayo niliiomba kwa Mungu miaka kumi, iliponitoka nzito mara ya kwanza nilikaa chooni nikaongea na ndoo nusu saa nzima kwa furaha, na hapo uani nikaimeza kama mwizi anayemeza pete. Munir alikuwa nyuma ya pazia. Nilipoingia alinikumbatia, anacheka, hofu imemtoka, akaniambia, umeweza sana. Sikulala naye siku ile, nilisema kichwa kinaniuma. Yote haya ningeweza kuyasema sasa kwa neno moja, sauti, jibu ni sauti, lakini nasema nimeshindwa. Nipe mji, anasema. Nautafuta mji mdogo, mji usio na maana, na uchovu unanifanya nitoe wa kwanza unaonijia, na wa kwanza unaonijia ni Vanga.

Mara tu nikishaitaja najua nimefanya kosa. Hapana, nasema, huo siutoi, lakini miguu iko kwenye mchanga wa uani kwetu. Ni Vanga kimya, mbuzi anafungua mdomo na hakutoki mlio, watoto wanagombana bila sauti. Mama yangu amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mbele yake chuma cha vitumbua, anavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti. Lazima niseme kitu juu ya mama. Nilipobadilika hatukuzungumza mwaka mzima na miezi minne. Kisha siku moja nilimpigia, nikasema shikamoo mama kwa sauti hii, akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, umekula, baba? Baba, kama anavyowaita kaka zangu. Mara moja tu. Tangu hapo hajalirudia, ananiita wewe, ananiita hebu sikia, anazungukazunguka asiniite chochote, lakini mimi nimeliweka neno lile na siku mbaya nalitoa nalitazama. Sasa nasimama mbele yake na kusema shikamoo, na sauti inayotoka ndiyo ile niliyompa Bi Mwanaidi, nyembamba, safi, ya msichana. Mama anainua uso. Uso unang'aa kwa namna ambayo sijaiona tangu nikiwa mdogo. Marahaba mama, anasema, umerudi mwanangu? Mama, kama anavyowaita dada zangu. Ananikabidhi kitumbua cha moto, ananipangusa vumbi kwenye buibui, anafurahi, jamani, anafurahi kweli, na kila ninapotaka kumwambia si yeye, ni mimi, ni Twahir, inatoka tena ile sauti na yeye anazidi kufurahi. Nakula kitumbua nalia. Kisha kuta za uani zinaanza kusogea nyuma polepole, na mama pamoja nazo, bado anatabasamu.

Nirudishie Vanga, namwambia asiye na uso. Malindi chukua, sina haja nayo, lakini Vanga nirudishie. Anasema mji uliotolewa haurudi kwa kulia, unarudi kwa jibu. Namwambia majibu yote nilikuwa nayo. Anasema, najua. Namwambia ulikuwa unajua ukaniacha nitoe? Ananiambia, mimi nilikuomba, wewe ulitoa. Na mimi nasimama pale nimeshika tama, hasira inapanda na kushuka, maana ni kweli, hakuna aliyeninyang'anya. Hata Munir hakuninyang'anya. Kila kitu aliniomba kwa upole na nikampa, nikajiambia mapenzi ndiyo haya, nikajiambia kijana kama mimi nitampata nani mwingine, nishukuru. Hilo la nishukuru ndilo lililonichosha kuliko yote. Kitendawili, anasema. Nasema, nikishindwa sina mji tena. Unao mmoja, anasema, ananielekeza. Mbali kwenye vigae naona duka langu, mlango wa kioo, jina langu jekundu, kiti kitupu. Nikilitoa lile, kitakachobaki kwangu ni Ijumaa tu. Tega, nasema, na safari hii nimesema kwa kutaka. Anasema, nina mgeni ninayempenda, anakuja kwangu kila wiki, na tangu aanze kuja sijamwona akiingia hata siku moja.

Sauti iliyosema si yake, ni ya Munir. Na barabara imekwisha, niko kwenye ua wa nyumba ile, milango sita, kigoda cha Bi Mwanaidi hakina mtu, ungo wa mchele uko chini. Neno nimeshindwa liko tayari kwenye ulimi, limezoea njia, linataka kutoka lenyewe. Naliuma. Naliangalia duka langu kule mwisho. Mimi, nasema. Sauti ni nyembamba. Nakohoa, nasema tena, ni mimi, mgeni ni Twahir, hujamwona akiingia kwa sababu kila siku anaingia mtu mwingine. Na sauti inashuka, inashuka mpaka kifuani, inakaa pale pake. Nalivua buibui hapohapo uani, mchana, mbele ya milango sita. Silitupi, vazi halina kosa, limeshonwa vizuri. Nalikunja nampa asiye na uso. Analivaa, anajifunga kitambaa cha uso, na linamkaa sawasawa, na hapo ndipo namtambua: huyu ndiye amekuwa akitembea kila Ijumaa. Pole, namwambia. Ananiambia, mimi nimechoka kuliko wewe, anakaa kwenye kigoda cha Bi Mwanaidi, ananyoosha miguu. Naenda mlangoni kwa Munir. Hodi, nasema. Nani? anauliza kutoka ndani. Twahir. Umekujaje? Nimekuja nilivyo. Nasikia mkono wake kwenye komeo, hausukumi, hautoki. Basi namwambia pale mlangoni, taratibu, maana sina tena nguvu za ugomvi: Munir, nakupenda, na najua unachokiogopa, nami nakiogopa. Lakini humu siingii tena kama mtu mwingine. Ukiogopa kunifungulia, toka wewe, tukatembee kama wanavyotembea marafiki. Mkono ninao. Usipotoka, nitarudi kwangu. Komeo linalia, mlio mrefu, unazidi, unatetemeka, unakuwa mlio wa mashine.

Stima imerudi. Mashine inanguruma yenyewe kwenye meza, feni inazunguka, shati limenigandia mgongoni. Niko kwenye kiti cha wateja na kitambaa kimefungwa shingoni mwangu. Sikumbuki kukifunga. Napitisha kidole, hakinibani. Nainama natazama chini ya kiti, begi lipo, nalifungua, buibui limo, limekunjwa kwa namna ambayo mimi sikunji. Saa ya ukutani inasema saa tisa kasoro robo. Ndoto, najiambia, ulilala, umechoka. Kisha natazama mlangoni na nasoma Twahir Kinyozi. Nalisoma vizuri, kutoka kushoto, herufi zote zimesimama zinavyotakiwa, na mimi niko ndani. Nafumba macho, nayafumbua, bado linasomeka. Kwa hiyo ama nimeamka upande usio wangu, ama miaka mitatu yote nilikuwa huko na sasa ndiyo nimerudi, na hakuna wa kumuuliza. Simu imo mkononi, kidole gumba kiko juu yake. Kwa Munir umekwenda ujumbe wa sauti, dakika moja, umesikilizwa. Naufungua. Hodi, inasema sauti yangu, nene, ya mtu aliye usingizini. Twahir. Nimekuja nilivyo. Na yanafuata yale yote, mpaka mkono ninao, mpaka nitarudi kwangu. Kwenye kioo cha simu naona Munir anaandika. Anaacha. Anaandika. Anaacha. Nashikwa na hamu ya kufuta, ya kumtumia kicheko, ya kusema nilikuwa natania, kesho saa kumi kama kawaida. Sifuti. Naweka begi juu ya kabati, mbali na miguu yangu, nami nangoja, na kungoja huku si kama kule kwa zamani, kwa sababu atakachoandika kitabadilisha Ijumaa yangu lakini hakitabadilisha nitakachovaa.

Simu inaita. Si yeye. Ni mama, kutoka Vanga. Naiacha iite, kwa sababu kama huu ni ule upande mwingine, basi Vanga niliitoa kwa mdomo wangu, na sijui nikifungua kinywa itatoka sauti gani, wala mama ataitikia nani. Inaita mara ya nne. Napokea. Shikamoo mama, nasema, na inatoka hii, ya kwangu, yenye mikwaruzo ya usingizi. Nasikia mafuta yanachemka kwenye chuma, namsikia anapumua, na kimya kinakuwa kirefu mpaka naitazama simu kuona kama imekatika.

Marahaba, anasema mama. Umekula, baba?

Bado, namwambia. Bado, mama.